"Kabla hujaja friji lilikuwa zima": Fundi anapobebeshwa lawama

Ijumaa hii tumeona tuzungumzie jambo linalotokea majumbani mwetu kila fundi anapoingia kufunga kitu kipya na kingine kikaharibika. Nani abebe lawama?

Mwaka jana tuliitwa pamoja na mzee mmoja wa msikiti wetu kwenda kusuluhisha ugomvi katika nyumba moja ya Temeke, jijini Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwita kijana fundi umeme amfungie hita ya maji bafuni, kwa ujira wa shilingi 60,000 mbali na vifaa. Kijana alifanya kazi kutwa. Alivuta waya mpya mnene kutoka mainswichi hadi bafuni, akachimbia fimbo ya athi nje ya ukuta, na kwenye mainswichi akafunga kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja. Alasiri alipowasha, hita ikafanya kazi. Hazikupita dakika mbili, nyumba nzima ikazimika. Akawasha tena, ikazimika tena. Ndipo mama aliposema maneno ambayo mafundi wengi wamewahi kuyasikia: "Mwanangu, kabla hujaja friji langu lilikuwa zima."

Fundi alijibu kwa ukali kwamba nyumba yenyewe ndiyo mbovu. Mama akaapa kuwa hatoi hata senti, na mwanawe mkubwa akamtaka fundi aking'oe kile kidude alichokifunga ili umeme urudi. Fundi akakataa katakata. Tulipofika sisi, baada ya sala ya Magharibi, vyombo vyake vya kazi vilikuwa vimefungiwa chumbani kama rehani, naye amekaa barazani bila neno.

Tuseme kwanza kwamba mama yule hakusema uongo. Friji lilikuwa likipoza asubuhi, na jioni halikupoza. Lakini ushahidi wake ulikuwa wa wakati tu, na jambo kutokea baada ya jambo jingine si dalili tosha kwamba limesababishwa nalo. Hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki wanajuta. Fundi naye ni katika watu hao.

Mzee tuliyekuwa naye aliwahi kufanya kazi ya umeme katika ujana wake. Hakumuuliza mtu nani mkosaji. Alimwomba fundi achomoe plagi zote, azime saketi breka zote, kisha awashe moja baada ya nyingine, mama akiwa amesimama pale pale anaona. Taa zikawaka na kutulia. Hita ikawaka na kutulia. Plagi ya friji ilipochomekwa jikoni, nyumba ikazimika. Friji likahamishiwa soketi ya sebuleni, ikazimika vile vile. Pasi ikachomekwa kwenye soketi ile ile ya jikoni, na umeme ukakaa.

"Mama, hili friji huwa linawapiga shoti?" mzee akauliza. Binti mdogo akadakia kabla ya mama kujibu: linatekenya, ndiyo maana pana kandambili mbele yake.

Friji lilikuwa linavujisha umeme kwenye bati lake kwa muda mrefu. Saketi breka ya kawaida haina habari na uvujaji huo, kwa sababu kazi yake ni kukata umeme mwingi unapopita kiasi. Breka ya ampia 20 haitatikisika kwa uvujaji mdogo. Kile kifaa kipya, kwa upande wake, hukata umeme unapovuja kiasi cha miliampia 30, ambacho ni chini ya sehemu moja kati ya mia sita ya ampia 20. Zaidi ya hayo, waya wa athi uliokuwamo ukutani tangu nyumba ijengwe ulikuwa unaishia hewani. Fundi alipouunganisha na fimbo aliyoichimbia, umeme uliokuwa ukisubiri mguu mtupu wa mtoto ukapata njia yake ya kuteremkia ardhini, na kifaa kikauona. Ule uliodhaniwa kuwa uharibifu wa fundi ulikuwa ugonjwa wa zamani uliodhihirishwa na kazi yake. Lau angelitii na kuking'oa kile kidude, umeme ungerudi na sote tungeondoka tumeridhika, tukiwaacha watoto na friji lile.

Yako mengine ya namna hii. Mtu hupandisha tangi la maji kwenye mnara, na kila mita 10 za urefu huongeza shinikizo la takriban baa 1. Mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, ambayo yalivumilia maji ya kudondoka, yanaanza kutoboka ukutani, na fundi bomba anaitwa mharibifu. Au hita yenyewe: ya kilowati 5 hula uniti nzima kwa dakika 12, kisha fundi anaulizwa amefanya nini na LUKU.

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Swali la iwapo fundi analipa kinachoharibika mikononi mwake walilijadili kwa kina, nao wakahitilafiana. Imam Malik aliwabebesha mafundi dhamana. Imam Abu Hanifa aliona kilicho mkononi mwa fundi ni amana, na wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, wakaelekea kumdhaminisha isipokuwa katika lisiloepukika. Ama Imam Shafii, aliyefariki mwaka 204 Hijria, mwanafunzi wake ar-Rabi' amesimulia kwamba aliamini fundi hana dhamana, lakini hakuwa akilitangaza kwa kuwaogopa mafundi wabaya. Tazama hekima yake: alijua haki ya fundi mwema, na alijua pia jinsi fundi mwovu atakavyoitumia. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yake, kama ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi, ni kwamba fundi halipi ila akivuka mpaka au akizembea.

Vitabu hivyo hivyo vinataja kisa cha mshonaji. Mwenye kitambaa anasema, "Nilikuamuru kanzu." Mshonaji, ambaye ameshona joho, anasema, "Uliniamuru hili." Kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye mali ndiye anayesadikiwa kwa kiapo chake, na mshonaji hana ujira. Mafundi wanaosoma ukurasa huu walisome hilo mara mbili. Kazi isiyoandikwa ikigombaniwa, fundi anaweza kuwa mkweli na bado akatoka mikono mitupu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana na kushuhudiziana, nasi tunaona haya kumwandikia fundi karatasi moja!

Karatasi hiyo haihitaji mwanasheria. Kabla ya kushika bisibisi, fundi azunguke nyumba pamoja na mwenyewe, awashe kila taa, ajaribu kila soketi, atazame nyufa za ukuta na vigae, aandike alivyovikuta, na wote wawili watie sahihi. Aseme mapema: "Mama, nikiunganisha athi, kitu kibovu kilichojificha kinaweza kujitokeza." Neno hilo likisemwa asubuhi ni tahadhari, likisemwa jioni linasikika kama kisingizio. Nanyi wenye nyumba, muulizeni fundi leseni yake. Za kufunga umeme hutolewa na EWURA. Na likitokea la kutokea, fundi asiondoke na asijibu kwa hasira. Aombe nusu saa ya kupima mbele ya macho ya mwenye nyumba, kwa maana kipimo kilichofanywa peke yake nyuma ya mlango hakimridhishi mtu.

Tulidhani kazi yetu imekwisha. Lakini mzee alipoingia bafuni kutawadha kwa ajili ya Isha, alirudi akimtazama kijana. Nyuma ya hita palikuwa na kigae kilichopasuka, na ufa umezibwa kwa saruji nyeupe ambayo bado ilikuwa mbichi. Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa ametoboa kigae kwa drili ikiwa kwenye mpigo wa nyundo, jambo ambalo kila fundi anajua halifai, na alipoona ufa akauziba akanyamaza.

Mzee akamkumbusha habari iliyopokewa na Imam Muslim, ya Mtume (S.A.W.) kuingiza mkono katika fungu la chakula sokoni na kukuta chini ni majimaji. Muuzaji alisema kimenyeshewa na mvua. Hakulaumiwa kwa mvua, aliulizwa mbona hakukiweka kilicholowa juu watu wakione. Kijana akamgeukia mama: "Mama, hili ni langu. Nisamehe, nitalilipa."

Mama alinyamaza kitambo, kisha akamtuma mwanawe akafungue chumba vyombo vitolewe. Tulimkumbusha naye ile hadithi iliyomo katika Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, naye asimpe ujira wake. Shilingi 60,000 zilihesabiwa usiku ule ule, mbele yetu, bila kukatwa kitu.

Friji lilichukuliwa kesho yake na fundi wa mafriji. Jumatatu kijana alirudi na kigae alichokinunua kwa fedha yake. Rangi yake haikuoana sawasawa na ya vile vya mwanzo, kwa kuwa vya namna ile havikupatikana tena madukani. Mama alikitazama, akasema kifungwe hivyo hivyo.