Nifuateni Bhaktapur

Wanangu, sogeeni karibu. Tumesimama kwenye lango la magharibi la uwanja wa kasri la Bhaktapur, mji wa kale wa Nepal ulioko katika Bonde la Kathmandu, kama kilomita 13 mashariki mwa jiji la Kathmandu lenyewe. Wenyeji wake ni Wanewari, na wao wanauita Khwopa. Leo hatupandi gari. Vichochoro vya hapa vimesakafiwa kwa matofali na mawe, na mambo mengi mazuri yamechongwa usawa wa macho ya mtu anayetembea taratibu.

Kwanza mjue mji huu ulipataje uzuri wote huu. Mfalme Yaksha Malla alipofariki mwaka 1482, bonde liligawanyika, na hatimaye zikasimama falme tatu: Kathmandu, Patan na Bhaktapur. Zilikuwa jirani mno. Mtu aliyeamka alfajiri angeweza kuzipitia zote kwa miguu kabla jua halijazama. Wafalme hao walipigana vita, lakini walishindana pia kwa kujenga. Huyu akijenga hekalu, mwenzake naye huita mafundi wake. Mashindano hayo yaliisha mwaka 1769, Prithvi Narayan Shah alipoiteka Bhaktapur.

Haya, tuingie. Tazameni sanamu hizi mbili za mawe karibu na lango: mungu Bhairav mwenye mikono 12, na mungu wa kike Ugrachandi mwenye mikono 18. Husimuliwa kwamba fundi aliyezichonga alikatwa mikono yake kwa amri ya mfalme, ili asiende kuchonga nyingine kama hizi mahali pengine. Ni simulizi tu, na inaniumiza kila nikiisikia. Lakini kama kuna mfalme aliyedhani ufundi utakwisha kwa kumkata mtu mmoja mikono, basi alikosea sana. Huku Unewari baba humfundisha mtoto, na mtoto naye humfundisha wake. Mtawaona mafundi wenyewe mbele kidogo.

Hapa uwanjani tusikae sana. Lile jengo refu ni Kasri la Madirisha 55. Yahesabuni wenyewe, yote yamechongwa kwa mbao. Kando yake ni Lango la Dhahabu, shaba iliyofuliwa kwa nyundo na kupakwa dhahabu. Na yule aliyepiga magoti juu ya nguzo, mikono kifuani kama anayesali, ni Mfalme Bhupatindra Malla akilielekea kasri lake. Lishikeni vizuri jina lake, tunakutana naye tena sasa hivi. Ile kengele kubwa iliwekwa mwaka 1737. Jirani yake kuna nyingine ndogo iitwayo Kengele ya Mbwa Wanaobweka, kwani wenyeji husema ikilia tu, mbwa huanza kulia nao.

Sasa pindeni hapa, shukeni kidogo. Huu ni uwanja wa Taumadhi. Inueni vichwa!

Hilo ndilo Nyatapola, hekalu la mapaa matano, refu kama mita 30, lililojengwa mwaka 1702. Mjenzi wake ni Bhupatindra Malla yule yule. Wenyeji husema kwamba ujenzi ulipoanza, mfalme alibeba matofali matatu kwa mikono yake, na raia walipoona hivyo, wakatoka majumbani kuja kubeba yaliyobaki. Mimi huipenda simulizi hii kuliko zote za Bhaktapur.

Angalieni ngazi. Kila daraja lina walinzi wawili wa mawe. Wa chini kabisa ni wanamieleka wawili, Jayamal na Patta, wanaosemekana kuwa na nguvu mara kumi ya mtu wa kawaida. Juu yao wamekaa tembo, na kila mmoja ana nguvu mara kumi ya mwanamieleka. Kisha simba, mara kumi ya tembo. Kisha viumbe wa hadithi wenye sura ya kutisha, mara kumi ya simba. Mwisho kabisa ni miungu wawili wa kike, Baghini na Singhini, mara kumi tena. Haya, nani mwepesi wa hesabu? Wale wa juu wana nguvu za watu wangapi? Naam, laki moja! Na wote hao wanamlinda Siddhi Lakshmi aliyeko ndani, ambaye makuhani peke yao ndio wanaoruhusiwa kumwona. Ninyi na mimi tutaishia mlangoni.

Lakini nguvu za hekalu hili si za hadithi tu. Mwaka 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji huu. Paa la juu likaharibika, hekalu likabaki limesimama. Tarehe 25 Aprili 2015 likaja jingine, la kipimo cha 7.8. Nchini Nepal walikufa watu karibu 9,000, na hapa Bhaktapur mitaa mizima ya nyumba ilianguka. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo shule hufungwa, na hilo liliwaokoa watoto wengi. Kule tulikotoka, hekalu la mawe la Vatsala Durga lilibomoka likawa kifusi. Nyatapola likatikisika, likasimama.

Kwa nini? Litazameni chini kabla ya juu. Msingi wake ni mpana na mzito, na kila ghorofa ni ndogo kuliko iliyo chini yake. Matofali yameunganishwa kwa udongo, na kati ya matofali hayo kuna mihimili ya mbao iliyoshikanishwa kwa vigingi vya mbao. Ardhi inapotikisika, viungo hivyo hulegea kidogo na kucheza, visikatike. Mafundi wa zamani waliishi juu ya ardhi inayotetemeka, na waliijua tabia yake.

Vatsala Durga nalo limejengwa upya, jiwe juu ya jiwe, mahali pale pale. Hilo liliwezekana kwa sababu mji huu bado una wachongaji, maseremala na waashi wanaoijua kazi ya babu zao. Mji ambao ungekuwa na majengo tu bila mafundi, ungekwenda kuyatafuta kwenye picha.

Kabla hatujaondoka Taumadhi, mjue kwamba mwezi wa Aprili, katika sherehe za mwaka mpya ziitwazo Bisket Jatra, gari kubwa la mbao la Bhairav husimamishwa hapa. Watu wa mji wa juu hulivuta kwa kamba upande wao, na watu wa mji wa chini upande wao. Siku hiyo mtoto hakai mbele ya magurudumu. Sitanii.

Huku ni uwanja wa wafinyanzi. Tembeeni kwa uangalifu, vyungu vimeanikwa mpaka miguuni penu. Mtazameni yule mzee. Ametia fimbo ndefu kwenye gurudumu zito, amelizungusha mpaka likawa kama limesimama, na sasa ameweka fimbo chini na kuinamia donge la udongo mweusi. Kidole gumba kinaingia katikati. Ukingo unapanda. Anaukata mtungi kwa uzi, anauweka kando, na donge lililobaki tayari linaanza kuwa mtungi mwingine. Vikishakauka juani, vyungu hupangwa pamoja, hufunikwa kwa mabua ya mpunga na majivu, kisha huchomwa polepole kwa siku kadhaa.

Tumalizie upande wa mashariki, kwenye hekalu la Dattatreya la mwaka 1427. Wanasema mbao zake zote zilitoka kwenye mti mmoja. Jayamal na Patta wapo hapa pia, wanalinda mlango. Nyuma yake kuna nyumba ya makuhani, Pujari Math, na kwenye ukuta wake, ndani ya kichochoro, kuna Dirisha la Tausi: ndege ametandaza mkia, na kila unyoya umetobolewa kwenye ubao mgumu. Nendeni mkalitazame bila kusukumana, kisha mchungulie kwenye karakana za jirani, muone patasi zikifanya kazi.

Mkirudi, nawanunulia juju dhau, mtindi wa maziwa ya nyati ambao Bhaktapur inasifika nao bonde zima. Hugandishwa ndani ya bakuli la udongo lisilopakwa rangi. Udongo hunyonya maji, mtindi unabaki mzito. Kila mtu achukue kijiko chake.