Kweli au Uongo: Logi Ikishafika Klaudi, Kazi Imekwisha

Si ajabu, kuanzia maduka ya jumla ya Jogoo Road hadi karakana za Viwandani, kukuta seva ndogo ya mauzo imefichwa chini ya kaunta, na kijana wa Jericho aliyeombwa aiunganishe na klaudi ili hitilafu zionekane hata duka likiwa limefungwa. Huweka programu ya kusafirisha logi, tuseme Fluent Bit, aone mstari wa kwanza umefika, kisha adai malipo yake. Imani anazotegemea hapo nyingi hazina msingi.

"Intaneti ikikatika, logi zitasubiri." Uongo, isipokuwa umeiambia programu izisubirishe. Usipogusa chochote, Fluent Bit huweka akiba kwenye RAM. Ikishindwa kutuma hurudia mara moja, kisha hulitupa fungu zima. Stima zikipotea, kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda nazo, na mkazi wa Eastlands hahitaji kuelezwa habari za stima. Kuhusu intaneti, kumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024: nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao wa Afrika Mashariki ukajikokota. Huko huko kusini, Cape Town, ndiko Amazon ilikofungua vituo vyake vya data mwaka 2020, na huenda ndiko logi zako zinakoelekea. Kwa hiyo weka storage.type iwe filesystem, taja storage.path ili akiba ikae kwenye diski, na upandishe Retry_Limit. Ipe akiba hiyo kikomo pia, la sivyo diski itajaa na mauzo yasimame kwa ajili ya logi. Kwenye tail, sehemu inayosoma faili za logi, taja faili ya DB. Bila hiyo, programu ikiwashwa upya haikumbuki ilipoishia kusoma.

"Saa ya seva ikiwa sawa, saa ya logi iko sawa." Uongo, na huu ndio unaowakosesha watu usingizi. Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC. Mfumo ukiandika 15:00 bila kutaja ukanda wa saa, Fluent Bit huichukulia kuwa 15:00 ya UTC, yaani saa tatu zijazo. CloudWatch ya Amazon hulikataa tukio lililoitangulia saa halisi kwa zaidi ya saa mbili. Ombi lenyewe hupokelewa. Ni matukio yanayoachwa nje. Cha kuchekesha, logi zilizochelewa saa moja unusu hupita bila taabu, hivyo fundi huona za zamani zikiingia na mpya zikikosekana, akaanza kulaumu mtandao. Dawa ni mstari mmoja kwenye sehemu ya PARSER: Time_Offset +0300. Majibu ya M-Pesa yanayopitia Daraja, API yake, yana mtego huo huo: TransactionDate ni tarakimu 14 zisizotaja ukanda wowote.

"Logi si data ya mtu." Uongo mtupu. Jibu hilo la Daraja hubeba nambari ya simu ya mteja, kiasi alicholipa na nambari ya risiti. Ukiliandika zima, umempeleka mteja wa Maringo ng'ambo bila yeye kujua, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti ya kuhamisha data binafsi nje ya Kenya. Ficha tarakimu za simu kwa kichujio kabla logi haijatoka kwenye mashine.

"Tuma kila kitu, bei ni ya kutupa." Nusu kweli. Google haitozi GiB 50 za kwanza za kila mwezi, na duka moja ni nadra kuzimaliza. CloudWatch, usipoiwekea muda, huhifadhi milele na kukutoza hifadhi hiyo.

"Itaielemea mashine kuukuu." Uongo. Imeandikwa kwa lugha ya C, ni nyepesi.

"Ikinyamaza, anza na logi zake yenyewe." Kweli, na karibu kila mtu huruka hatua hii. Weka Log_Level iwe debug kwa muda, kisha ongeza njia ya pili ya kutolea, stdout, kando ya ile ya klaudi. Logi zikionekana kwenye skrini lakini klaudi hazipo, shuku ufunguo, ruhusa au saa. Zisipoonekana hata kwenye skrini, kagua njia ya faili, na kama mtumiaji anayeendesha programu anaruhusiwa kuisoma.