Kuujaribu Mtambo Ambao Bado Haujajengwa

Uigaji ni njia ya kuujaribu mtambo kwa hesabu ndani ya kompyuta kabla mtambo wenyewe haujajengwa. Hutumika sana pale mashine inapoongozwa na kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani yake, kama ilivyo kwa mita ya umeme, breki za basi au turbaini ya maji. Kompyuta ya namna hiyo haina kibodi. Hupokea vipimo kutoka kwenye vihisio, huamua, kisha huamuru mota au vali ifanye kazi, mara nyingi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Programu yake huandikwa kwa kufuata orodha ya masharti, na kosa la hatari zaidi ni lile lililomo katika sharti lenyewe, maana fundi hodari atalitekeleza kwa uaminifu bila kulishuku.

Eneo la West Nile nchini Uganda linaonyesha vizuri uzito wa jambo hili. Kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, karibu na Paidha wilayani Zombo, kilianza kazi mwaka 2012 kikiwa na uwezo wa megawati 3.5. Kabla laini ya kilovolti 132 haijafika Arua, mtandao wa umeme wa eneo hilo ulisimama peke yake, bila kuungana na gridi ya taifa. Katika gridi kubwa, mashine moja ya kusaga mahindi ikiwashwa hakuna anayehisi. Katika mtandao mdogo, kila mzigo unaoingia au kutoka huitikisa turbaini: mzigo ukiongezeka hupungua mwendo, mzigo ukiondoka hukimbia. Umeme wa Uganda unatakiwa kuwa na frikwensi ya hezi 50, na kazi ya kulinda kiwango hicho imewekwa mikononi mwa kidhibiti mwendo, yaani kompyuta inayofungua na kufunga mlango wa maji.

Mfano wa kituo cha kubuni unatosha kuonyesha kazi ya uigaji. Tarakimu zake ni za kufundishia tu, si vipimo vya Nyagak. Maji yanashuka mita 100 kupitia bomba kuu lenye urefu wa mita 500, yakikimbia mita 3 kwa sekunde. Kituo kinalisha Arua, na kupitia laini inayopanda kaskazini kilomita zipatazo 55, kinalisha Koboko. Mti ukiangukia laini kuu jirani na kituo, mzigo wa miji yote miwili hutoka kwa mara moja na turbaini hubaki inazunguka bila kazi. Waandishi wa masharti wameweka mawili. La kwanza: mwendo wa turbaini usizidi wa kawaida kwa zaidi ya asilimia 30. La pili: shinikizo la maji ndani ya bomba nalo lisipande kwa zaidi ya asilimia 30.

Likisomwa peke yake, kila sharti ni la busara. Ubaya ni kwamba yanavutana. Ili turbaini isikimbie, mlango wa maji lazima ufungwe upesi. Lakini maji yaliyomo katika bomba la nusu kilomita ni mzigo mzito ulio mwendoni, na yakizuiwa ghafla huligonga bomba kwa nguvu inayoweza kulipasua. Kielelezo cha hesabu cha bomba hili kinaonyesha kuwa shinikizo litabaki chini ya kikomo iwapo mlango utachukua sekunde 6 hivi kufunga. Kwa mwendo huo wa kufunga, na kwa turbaini yenye uzito wa kawaida, frikwensi itapanda hadi karibu hezi 70, yaani asilimia 40 juu. Mlango ukifungwa kwa sekunde 4, mwendo unatulia ndani ya sharti, ila shinikizo sasa linapanda kwa takribani asilimia 45. Hakuna programu inayoweza kuyatimiza yote mawili. Dawa yake ni ya chuma: gurudumu zito kwenye mhimili la kuzuia mwendo usipande upesi, au vali ya kupunguza shinikizo. Fundi anayeligundua hili mezani, bomba likiwa bado ni mchoro, atabadilisha karatasi. Likigunduliwa bomba limeshachomelewa mlimani, gharama ni nyingine kabisa.

Kielelezo hichohicho hufichua jambo jingine ambalo akili ya kawaida hailitarajii. Koboko inaporudishiwa umeme jioni na mzigo ukaongezeka, kidhibiti hufungua mlango zaidi. Kwa kitambo kifupi nguvu ya turbaini hupungua badala ya kuongezeka, kwa kuwa maji yanahitaji muda kushika kasi. Kidhibiti kisichojua hivyo hudhani hakijafungua vya kutosha, kikafungua tena, kisha kikalazimika kurudi nyuma, na taa za mji mzima zikayumba. Kwa hiyo sharti linalosema tu kwamba kidhibiti kijibu upesi iwezekanavyo ni sharti bovu. Linapaswa kutaja upesi kiasi gani, na kwa bomba lipi.

Uigaji nao hufaa kwa kadiri ya maswali unayoulizwa. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX 8, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka dakika chache baada ya kuruka. Watu wote 157 walikufa, wakiwemo Wakenya 32. Oktoba 2018 ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Katika ajali zote mbili, kihisio kimoja cha pembe ya ndege kilitoa kipimo cha uongo, na programu iitwayo MCAS ikaishusha pua ya ndege mara kwa mara. Ripoti ya bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ya Septemba 2019, ilieleza kuwa Boeing walikuwa wameijaribu MCAS katika kiigizo. Waliiga matokeo, yaani pua kushuka bila rubani kuamuru. Hawakuiga chanzo, yaani kihisio kibovu, pamoja na mtikisiko wa usukani na maonyo mengine yanayozuka kwa wakati mmoja. Dhana ya kwamba rubani angetambua na kurekebisha mara moja ilipita bila kupimwa katika hali halisi ya msukosuko. Kihisio kibovu kilistahili kuwa swali la kwanza.

Ndiyo maana kazi hufanywa kwa ngazi. Mwanzoni kila kitu ni hesabu: bomba, turbaini, mzigo na kidhibiti. Baadaye programu halisi huendeshwa juu ya kompyuta ya mezani dhidi ya bomba lilelile la hesabu. Mwishowe kidhibiti chenyewe, na nyaya zake, huunganishwa na kiigizo kinachokipelekea ishara kana kwamba kipo kituoni. Hapo vihisio hukatwa makusudi kimoja baada ya kingine. Siku ya kuwasha kituo, mafundi huondoa mzigo wa kweli kwa awamu, robo, nusu, robo tatu, kisha wote, na kila mara hulinganisha grafu ya mwendo na shinikizo na ile iliyochorwa na kompyuta. Grafu zikiachana, awamu inayofuata haifanywi mpaka sababu ipatikane.