Usiku, Mama wa Mchana

Magharibi ikisha kuiva wekundu juu ya maji ya Bwawa la Hombolo, lililojengwa katika miaka ya 1950 ili kuhifadhi maji katika nchi hii ya Wagogo ambayo haikujaaliwa mvua ila msimu mmoja wa mwaka, ng'ombe hurejea mazizini, wavuvi wa perege huvuta mitumbwi yao ukingoni, na kabla mtu hajamaliza maamkizi ya jioni na jirani yake, giza huwa limekwisha kushika enzi. Aghalabu sisi wanadamu hatulipokei kwa hisani, kwani ujinga tunauita giza, uchawi tunaupa usiku uwe maskani yake, na mwizi tukimtaja tunamtaja pamoja na saa zake.

Mkulima mmoja wa Uyunani ya kale hakuridhika na hukumu hiyo. Jina lake Hesiod, wa kijiji cha Ascra, aliyechunga kondoo chini ya mlima Helicon yapata mwaka 700 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, naye ndiye aliyetunga nasaba ya miungu ya watu wake. Katika nasaba hiyo, Usiku, ambaye Wayunani walimwita Nyx na Warumi wakamwita Nox, alizuka katika ombwe la mwanzo pamoja na Erebus, giza la kuzimu. Wawili hao wakaoana, na tumboni mwa Usiku wakatoka Aether, anga ing'aayo, na Hemera, ndiye Mchana. Kisha Usiku akazaa peke yake, bila mume, Mauti na Usingizi, Ndoto na Uzee, Hila na Ugomvi. Lakini katika kundi hilo hilo la watoto wa kutisha akamzaa Philotes pia, yaani Mapenzi. Adhama ya Usiku ilikuwa kubwa hata mshairi Homer akasimulia kwamba Usingizi, alipokimbia ghadhabu ya Zeus, alijisitiri kwa mama yake, na Zeus, mfalme wa miungu yote, akaizuia hasira yake kwa kuchelea kumuudhi Usiku.

Msomaji asidhani kwamba habari hizi ni za ugenini tu. Tuitazame lugha yetu wenyewe: neno siku na neno usiku ni ndugu wa shina moja, kana kwamba wahenga walipotaka kuzihesabu siku walihesabu mara walizolala. Kadhalika, kwa watu wa pwani wanaofuata hesabu ya Kiislamu, usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia jua la Alhamisi linapotua, na mwezi wa Ramadhani huanza kwa mwandamo wake jioni, si kwa mapambazuko. Sabato ya Wayahudi nayo huingia Ijumaa jua likizama, na watu wa Athens ya kale walianza siku yao jioni vivyo hivyo. Basi lile alilolieleza Hesiod kwa nasaba, kwamba usiku hutangulia na mchana hufuata kama mtoto amfuatavyo mama, limo katika kalenda za mataifa mengi, nasi tunalitamka kila siku bila kulitafakari.

Hesiod alisema tena kwamba Usiku na Mchana wana nyumba moja ukingoni mwa dunia, ila hawakai humo pamoja hata mara moja. Hukutana kizingitini, wakaamkiana, mmoja akaingia na mwenzake akatoka. Huko kwao, mama na binti hawakugawana saa kwa uadilifu, maana usiku wa kipupwe wa Uyunani hupita saa 14, na ule wa kiangazi hupungua hata kukaribia saa 9. Hombolo, iliyo kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hupata mgao wa haki zaidi: baina ya usiku mrefu kuliko wote na ule mfupi kuliko wote tofauti haitimii saa moja.

Lakini sababu kubwa ya kumtaja Hesiod mbele ya mkulima wa Hombolo ni kwamba katika utungo wake mwingine, uhusuo kazi za shamba, aliwaagiza watu wake wavune wakati kundi dogo fulani la nyota lichomozapo alfajiri, na walime lituapo. Nyota hizo ndizo Kilimia, ambazo Waswahili walizipa jina kutokana na kulima. Mbingu ni moja, ila saa ya kutazama ni nyingine: kwetu, Kilimia kinachomoza mapema jioni mwezi wa Novemba, wakati ambapo mashamba ya mtama na uwele yanasafishwa kungojea mvua za Desemba. Mchana haukumfunza mkulima somo hilo, wala hauwezi, kwa kuwa nuru yake inazifunika nyota zote isipokuwa jua.

Kwa hiyo, ewe msomaji, Novemba ikifika katikati, jioni moja isiyo na mawingu, zima taa saa mbili za usiku, toka uani, uelekeze uso mashariki, kaskazini kidogo. Utakikuta Kilimia kimekwisha kupanda, nawe utakuwa umeisoma kalenda ya kilimo iliyo kongwe kuliko zote zinazotundikwa ukutani.