Zambia: Baiskeli Bila Fundi ni Chuma Chakavu

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunakwenda shambani au kiwandani kwa miguu, na mwenye baiskeli mbovu anaisukuma. Kwa hiyo tumewatazama wenzetu wa Zambia.

Mwaka 2006 shirika la World Bicycle Relief lilianza kupeleka huko baiskeli. Waliozipata kwanza ni wahudumu wa kujitolea waliotembelea wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Baadaye wanafunzi wa vijijini, hasa wasichana. Baiskeli hiyo huitwa Buffalo. Ni ya chuma kizito, na kariya yake inabeba kilo 100, yaani gunia la mahindi.

Baiskeli yenyewe haikutushangaza, maana hata babu zetu walipanda baiskeli. Kilichotuvutia ni mafunzo. Watu wa vijijini humo humo hufundishwa kuunga baiskeli, kunyoosha ringi iliyopinda, kukaza spoki, kusafisha beringi na kuzitia grisi, na pia kuendesha biashara ya ufundi. Fundi hupewa zana, akarudi kwao na kufanya kazi kwa malipo.

Hapa kwetu fundi hujifunzia chini ya mwembe kwa kumtazama mwenzake. Hatumdharau, ndiye anayetufikisha kazini. Lakini hana cheti, na zana zake ni spana mbili na nyundo. Tunataka vyuo vya ufundi vimfungulie kozi fupi ya jioni, na ada alipe mwajiri, kwa kuwa ndiye anayetukata mshahara tukichelewa. Binti zetu nao waandikishwe.