Homoni na Afya ya Mwanamke (2): Testosteroni na kipimo cha kila mmoja

Wiki iliyopita tulieleza jinsi hedhi inavyokoma. Leo tunashika swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, mlango wa munganga ukiwa umefungwa: hamu ya tendo la ndoa ikitoweka, je, ina dawa?

Tuchukue mfano wa wanawake wawili wa Bunia, mkoani Ituri. Mmoja ana miaka 52, anakaa Mudzi-Pela, na ovari zake ziliondolewa kwa upasuaji. Wa pili ana miaka 34, ananyonyesha, na analala na watoto wake chini ya hema katika kambi ya Kigonze. Wote wawili wanalalamikia jambo lilelile. Tiba yao haiwezi kuwa moja.

Wengi hudhani testosteroni ni ya wanaume peke yao. Mwanamke naye huitengeneza, katika ovari na katika tezi zilizo juu ya figo, ila kwa uchache: damu yake huwa na sehemu ya kumi ya ile ya mwanamume, au pungufu ya hapo. Hupungua polepole kwa umri, na hushuka ghafla ovari zikiondolewa.

Mwaka 2019 vyama vya kimataifa vya madaktari, chini ya uongozi wa Profesa Susan Davis wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, vilitoa msimamo mmoja. Ushahidi unaikubali testosteroni kwa tatizo moja tu: kupotea kwa hamu kunakomsumbua mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. Haikukubaliwa kuwa dawa ya uchovu wala ya usahaulifu. Uchambuzi wa majaribio 36, yenye washiriki 8,480, ulionyesha faida ndogo lakini ya kweli: takriban tendo moja zaidi la kuridhisha kwa mwezi.

Kwa hiyo mama wa Mudzi-Pela anaweza kufikiriwa. Damu yake itapimwa kwanza, kuhakikisha kwamba homoni haiko juu tayari. Hakuna kiwango cha damu kinachothibitisha tatizo lenyewe. Krimu ya wanawake iliyoidhinishwa Australia mwaka 2020 huanza kwa miligramu 5 kwa siku, ikipakwa kwenye ngozi. Kwa kuwa ngozi hazinyonyi dawa sawasawa, damu hupimwa tena baada ya wiki 3 hadi 6, na kipimo hurekebishwa. Miezi 6 ikipita bila nafuu, dawa huachwa.

Hatari iko kwenye sindano. Ampuli ya miligramu 200 ilitengenezwa kwa ajili ya wanaume. Mwanamke akidungwa hiyo, anapokea mara mia kadhaa ya kile ambacho mwili wake hutengeneza kwa siku moja. Chunusi huisha dawa ikikoma, lakini sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi.

Na yule wa Kigonze? Testosteroni si yake. Kunyonyesha peke yake hupunguza hamu. Upungufu wa damu, majonzi na dawa za mfadhaiko nazo hufanya hivyo. Ituri imeona vita tangu 1999, na ubakaji umeacha majeraha ambayo krimu haiyafikii. Munganga ataanza kwa kumsikiliza faraghani, atapima damu yake kutafuta upungufu, kisha atauliza kuhusu maumivu, usingizi na usalama wake.

Wiki ijayo: ukavu wa uke na estrojeni inayowekwa ukeni.