Neno 'nguvu' lilivyomkwamisha mvuvi wa Masinga

Kando ya bwawa la Masinga, upande wa Machakos, niliwahi kuonyeshwa na mvuvi mmoja mota ya umeme aliyoinunua jijini Nairobi kwa akiba ya misimu miwili. Ilikuwa imelazwa juu ya gunia chini ya mti, ikimetameta kama siku ilipotoka dukani. "Mwalimu," akaniambia, "niliambiwa ina nguvu hamsini na tano. Jirani yangu ana mashine ya petroli ya nguvu kumi na tano na boti yake huruka juu ya maji. Nikajua mimi sasa nimewapita wote."

Siku ya kwanza alitoka alfajiri akiwa na kijana wa kumsaidia, nyavu, kasia moja, na betri aliyouziwa pamoja na mota. Akaifungulia mashine hadi mwisho. Boti ilikwenda mwendo wa mtu anayewahi matatu, basi. Haikutimia saa moja upepo ukaanza, betri ikalegea, rafadha ikasimama, nao wakajikuta katikati ya maji yenye mamba na viboko. Walifika nchi kavu adhuhuri, viganja vimechubuka. Tangu siku hiyo mota ile haijagusa maji.

Nilimwomba anionyeshe karatasi zilizokuja nayo. Namba 55 ilikuwapo, lakini haikuhusu farasi hata kidogo. Zilikuwa ratili za msukumo. Muuzaji, kwa kweli, hakusema uongo: alitamka "nguvu", na mvuvi akasikia "nguvu". Hapo ndipo mimi, mtu wa isimu niliyekuwa nimekwenda kutafuta samaki, nilipojikuta nimerudi kazini.

Katika Kiswahili cha kila siku neno hili limebeba mzigo mzito kupita kiasi. Tunasema nguvu za upepo, nguvu za farasi, nguvu za umeme, na betri iliyoishiwa nguvu. Mvuvi wa Masinga akifikiri kwa Kikamba hapati nafuu, kwani *vinya* nalo hutumika vivyo hivyo. Ilhali hapo pana dhana tatu zisizofanana. Kuna kani, yaani msukumo unaoisogeza boti. Kuna nishati, yaani akiba iliyomo ndani ya betri. Na kuna nguvu kwa maana yake finyu ya kitaalamu, yaani jinsi akiba hiyo inavyotumika kwa haraka au polepole. Istilahi hizi si za kubuniwa jana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mwanafunzi wa Kenya, hata hivyo, hufunzwa dhana hizi kwa Kiingereza katika somo la fizikia, kisha huvuka ukumbi kwenda darasa la Kiswahili ambako mwalimu humpa insha juu ya umuhimu wa maji. Milango miwili ya shule moja, na hakuna apitaye katikati.

Tuitazame sasa mota yenyewe kwa dhana hizo tatu. Ratili 55 ni takriban kilo 25 za msukumo. Mota ya aina hiyo ikifunguliwa hadi mwisho hufyonza karibu ampea 50 kutoka betri ya volti 12, yaani wati 600. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Kwa hiyo aliyedhani amenunua farasi hamsini na tano alikuwa amenunua pungufu ya farasi mmoja, ilhali jirani yake wa petroli ana wati zipatazo 11,000. Mashine hizi hazikukusudiwa mbio. Ya kwanza kupata umaarufu iliundwa mwaka 1934 na O. G. Schmidt wa Fargo, North Dakota, nchini Marekani, ili mvuvi wa ndoano aweze kuinyemelea samaki kimya kimya bila kupiga kasia. Jina la biashara, Minn Kota, liliunganishwa kutoka majina ya majimbo mawili yanayopakana pale, Minnesota na North Dakota. (Wanafunzi wa mofolojia, hiyo ni mifano yenu ya uhulutishaji.)

Je, mvuvi wetu alipunjwa? La hasha, na hilo ndilo lililonishangaza. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba msukumo usipungue asilimia mbili ya uzito wote. Boti yake, watu wawili, nyavu, betri na samaki, tuseme ni kilo 500. Asilimia mbili ni kilo 10, yaani ratili 22. Ukiongeza maradufu kwa ajili ya upepo wa alasiri, ambao Masinga si mchache kwa kuwa bwawa limeenea kiasi cha kilomita 120 za mraba, unafika ratili 44. Mota yake ilitosha na kubakisha. Kilichomwangusha ni akiba, na akiba hiyo hakuna aliyemtajia.

Betri yake ilikuwa ya ampea-saa 100. Gawanya kwa 50, upate saa mbili. Lakini hesabu hiyo ni ya karatasini. Betri ya risasi ikifyonzwa kwa pupa hutoa pungufu ya ilivyoandikiwa, na mwenye kuitaka idumu haishushi chini ya nusu. Hivyo saa mbili zinageuka kuwa pungufu ya saa moja, sawasawa na ilivyomtokea. Lau angepunguza mwendo! Boti inayoelea hudai nguvu kwa mchemraba wa mwendo wake: ukipunguza mwendo kwa nusu, mahitaji hushuka, kinadharia, hadi sehemu moja ya nane. Utachukua muda maradufu kufika uendako, lakini utakuwa umetumia robo tu ya nishati. Sijui hoja ya hesabu inayostahili kufunzwa kwa watoto wa Masinga kuliko hii.

Hapa kuna jambo la kuchagua ambalo ni zito kuliko mota yenyewe. Betri ya gari haifai, hata ikiwa mpya, maana iliundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa kushushwa na kujazwa, kama zile za mitambo ya sola. Ya lithiamu ni ghali, lakini ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo zipatazo 12 badala ya 30, hukubali kutumiwa zaidi ya robo tatu, na huhimili kuchajiwa maelfu ya mara. Ya risasi ni rahisi kununua na rahisi kuua. Ukiirudisha nyumbani tupu ukailaza hadi Jumapili, salfeti ya risasi hugandamana juu ya sahani zake na uwezo hupotea usirudi. Ichajiwe siku iyo hiyo, mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Maji yakipungua huongezwa maji safi ya betri, kamwe si asidi wala maji ya bwawa. Kipimo cha volti kinachouzwa kila duka la vifaa vya umeme kitamwambia mwenyewe hali: ikiwa imepumzika, 12.7 imejaa, karibu 12.1 ni nusu, na kabla ya kufika hapo boti iwe imekwisha kugeuzwa.

Kuhusu mota, mengi ni ya dakika tano. Adui yake mkubwa ni uzi wa nailoni. Hujizungusha nyuma ya rafadha, ukakata mpira unaozuia maji, na maji yakiingia ndani koili huungua. Kila juma nati ifunguliwe, rafadha itolewe, uzi uondolewe. Nyuma ya nati hiyo kuna pini ndogo iliyowekwa makusudi ivunjike rafadha inapogonga kisiki, ili mhimili usipinde. Nimesikia watu wakiibadilisha kwa msumari wa chuma wakidhani wameimarisha chombo. Pini na nati za akiba zikae mfukoni. Nyaya ziwe nene na fupi, fyuzi iwe karibu na betri, vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi. Anayevulia Lamu au Kilifi atahitaji mota iliyoundwa kwa maji ya chumvi, yenye kipande cha zinki kinacholika badala ya mota. Na makasia yawe mawili. Mota isiyo na sauti, mvuvi huyu aliniambia, haimpi kiboko habari kwamba unakuja.

Bwawa hili lilikamilishwa mwaka 1981, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 40. Umeme huo hupita juu ya vichwa vya wapiga kasia ukielekea kwingine. Sishangai basi kwamba mvuvi anayeuona kila siku aliutaka japo kidogo ndani ya boti yake. Lakini hakuna jua haba huko: paneli ya wati 200, kwa jua kali la saa tano, hukusanya takriban wati-saa 1,000, karibu ujazo wa betri yake nzima.

Kabla ya kuagana nilichukua kipande cha katoni nikamwandikia maneno matatu, kani, nguvu, nishati, na mbele ya kila neno namba inayohusu chombo chake. Aliyasoma polepole, akaweka kidole juu ya la tatu.

"Hii ndiyo inayoisha?"

"Ndiyo hiyo."

Akaitazama mota, akanitazama mimi. "Sasa, mwalimu, mbona yule wa dukani hakuniuliza nataka nishati kiasi gani?"